Ndoo Chini ya Bibi Harusi

Mtambo ulipofika kwenye ushirika wa wakulima wa mananasi, ulikuwa umefungwa nailoni nyeupe kuanzia juu mpaka chini, na wanaume sita waliushusha kutoka kwenye lori huku wakiambiana polepole, polepole. Kijembe, mkata nanasi aliyepewa jina hilo kwa sababu ya kisu chake na zaidi kwa sababu ya ulimi wake, alishika kiuno akasema, "Jamani, bibi harusi anashuka, mbona mmenuna?" Vigelegele vikapigwa. Tangu saa ile hakuna aliyeuita mtambo kwa jina lililoandikwa ubavuni mwake. Kikaushio cha zamani kilichokuwa pembeni, ambacho miaka yote kiliitwa mashine tu, nacho kikapata jina siku hiyohiyo: Babu.

Mwanamke aliyetumwa kuwapima wote wawili aliitwa Mizani. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, mwenye mkoba mkubwa, na alikuwa na tabia ya kupima hata kile ambacho watu wengine wangekubali kukiamini. Hakuwa na cheti. Aliingia kituo cha majaribio ya vifaa vya umeme akiwa mtunza stoo, akajifunza kwa kufungua pasi zilizokufa, kwa kusoma vijitabu vinavyokuja ndani ya maboksi, na kwa kuuliza swali moja kila siku, asizidishe. Miaka mitano alikuwa amepima taa za maghala, pampu za mashamba na mota za viwanda. Alipima yeye, wakatia sahihi wenye vyeti. Safari hii Injinia, mkuu wa kituo, alimkabidhi daftari jipya akamwambia, "Hii kazi ni yako. Kipimo chako, sahihi yako. Ijumaa ijayo nitakuja kuichukua."

Masharti yalikuwa mepesi kueleweka. Bibi Harusi akikausha mzigo uleule kwa umeme usiozidi nusu ya ule anaokula Babu, ushirika utabaki naye. Akizidi nusu, lori litarudi kumchukua.

Jambo lililoifanya kazi hiyo iwe nzito kidogo ni kwamba msimamizi wa banda la kukaushia, aliyekuwa na ufunguo wake shingoni kwa miaka ishirini, alikuwa mama mkwe wa Mizani.

"Sasa huyu anakaushaje bila moto?" Kijembe aliuliza siku ya kwanza, akichungulia ndani.

"Unaijua friji?" Mizani akamuuliza.

"Ya jirani naijua. Yangu bado iko njiani."

"Ukipitisha mkono nyuma ya friji unasikia nini?"

"Joto."

"Joto hilo limetolewa ndani. Huyu naye hatengenezi joto jipya, analihamisha. Hewa yenye unyevu inapita kwenye ubaridi, inatoa jasho kama chupa ya soda, jasho linashuka kwa bomba hili hapa chini. Halafu hewa ileile inapita kwenye joto, inarudi kwenye trei. Babu yeye anachemsha hewa, kisha anaitupa nje na joto lake lote."

Mama mkwe, aliyekuwa akisikiliza huku akijifanya hasikilizi, aliweka trei chini. "Kwa hiyo miaka ishirini nilikuwa napasha joto uwanja?"

"Uwanja na mbuzi wa mwenyekiti, mama," alisema Kijembe. "Ndiyo maana walikuwa wanalala pale."

Mizani akatoa ndoo ya plastiki ya lita ishirini, akaiweka chini ya bomba. Mwenyekiti wa ushirika, mtu mnene aliyependa kalamu mbili mfukoni, akacheka. "Mtambo una kioo cha namba mlangoni kinachosema kila kitu, wewe unaleta ndoo?"

"Kioo kimekuja pamoja na mtambo, mwenyekiti. Ndoo nimeinunua mimi."

Walimpima Babu kwanza. Kilo mia moja na ishirini za vipande vibichi ziliingia, zikatoka kilo ishirini za vipande vikavu, na mita ikahesabu yuniti mia moja ishirini na nane. Nusu yake ni sitini na nne. Mizani aliandika namba hiyo juu ya ukurasa mtupu akaipigia mstari.

Zamu ya Bibi Harusi ilikuwa Jumatatu. Saa mbili asubuhi Mizani alipima vipande, trei baada ya trei, akasoma mita, akaandika. Kisha ikambidi aondoke, kwa sababu ng'ambo ya mto kulikuwa na banda la maziwa ambako alikuwa akipima tangi jipya la kupozea, na huko walimngoja.

"Mama, naomba mananasi uyaingize wewe," alisema.

"Nenda, mwanangu. Nimeyaingiza tangu hujajua kushika bisibisi."

Aliporudi jioni Bibi Harusi alikuwa akinguruma kwa utulivu na matone yalikuwa yakidondoka kwenye ndoo. "Yameingia yote, mama?"

"Yote. Hata kipande kimoja hakikubaki nje."

Asubuhi ya Jumanne walifungua mlango. Kilo ishirini, rangi ya dhahabu, safi. Mizani akapiga magoti mbele ya mita, akasoma, akafuta kioo chake kwa ukingo wa kanga, akasoma tena. Yuniti arobaini na moja.

Mwenyekiti alishika kichwa. "Hata theluthi haifiki! Theluthi!" Alitoka nje mbio, simu sikioni, na kabla chai haijapoa wanachama wa upande ule wa mto walikuwa wamekwisha kusikia. Kijembe alicheza. Mama mkwe hakucheza. Alisimama kando ya mlango mikono ikiwa nyuma, akamwangalia mkwewe kama mtu anayengoja zawadi yake ifunguliwe.

Mizani alitabasamu, kwa sababu alitaka kutabasamu. Halafu akajumlisha ndoo za maji alizokuwa amezipima usiku kucha, kila ilipojaa.

Vipande vilikuwa vimepungua kilo mia moja. Kinachopungua kwenye nanasi ni maji, na mlango wa Bibi Harusi ukifungwa, maji hayana njia nyingine isipokuwa bomba. Yalipaswa kukaribia kilo mia, ukiacha tatu au nne za kupotea kwenye nyufa. Ndoo zote kwa pamoja zilitoa kilo sitini na nane.

Hakumwambia mtu. Alianza na yeye mwenyewe: akajumlisha tena kwa kalamu, kisha kwa vidole. Akaipima mizani kwa jiwe la chuma la kilo ishirini alilotembea nalo. Nayo ilikuwa sawa. Akapitisha karatasi kwenye raba ya mlango, pande zote nne, ilibana vizuri. Akalala chali sakafuni, kichwa chini ya mtambo, akapapasa bomba kuanzia juu mpaka mwisho. Kavu.

"Umemfuata uvunguni?" Kijembe alimwambia. "Mwenzio ni mgeni, mwachie heshima yake."

Mizani akainuka, akajipangusa vumbi, akatoka nje kuzunguka banda. Hakuwa akitafuta kitu fulani, ila alikuwa amemaliza kutafuta ndani. Nyuma ya banda, pale ambapo paa la stoo limeshuka chini hata mtu anaweza kulifikia kwa mkono, nyuki walikuwa wengi kuliko kawaida. Alisogea. Juu ya mabati, yaliyokuwa yamepakwa lami na kuwaka jua la asubuhi, kulikuwa na alama za kunata za mraba, moja kando ya nyingine, kwa mistari. Alipima mraba mmoja kwa shubiri. Ulikuwa sawasawa na trei.

Alikaa juu ya tofali. Hasira haikuja. Kilichokuja ni lile daftari, na ule mstari wa chini wa ukurasa wa mwisho ulioachwa kwa ajili ya jina lake.

Mama mkwe alikuwa kwenye karo akisugua trei. Watu wengine walikuwa wamekwenda kula. Mizani alisimama kando yake, akachukua brashi ya pili, akasugua trei mbili nzima kabla ya kusema.

"Mama, kuna hesabu inanishinda. Naomba unisaidie."

"Mimi? Hesabu zangu ziliishia kwenye kuhesabu watoto."

"Hizi ni za ndoo tu."

Akapanga ndoo tano tupu uani, kwa mstari. Akajaza tatu maji ya bomba mpaka juu. Ya nne akaitia maji yasiyofika nusu. Ya tano akaiacha ilivyo.

"Nanasi limepungua ndoo tano, mama. Bibi Harusi amenipa hizi tatu, na hii ambayo haijafika nusu. Hizi zilizobaki sizioni."

Mama mkwe aliziangalia ndoo kutoka kushoto kwenda kulia. Alipofika kwenye ile ya tano alikausha mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja, kama mtu mwenye vidole vingi.

"Hiyo," alisema, "iko juu ya bati."

Mizani akageuza uso kuelekea nyuma ya banda.

"Nilimpa jua kidogo tu. Tangu ulipoondoka mpaka adhuhuri ikapita. Halafu nikayaingiza. Uliuliza kama yameingia, yalikuwa yameingia, sikukudanganya."

"Hukunidanganya, mama. Na Babu je, wiki iliyopita? Naye ulimpa jua?"

"Babu?" Mama mkwe alishangaa kweli. "Yule nilitaka aaibike!"

Mizani alijikaza, lakini kicheko kilimtoka puani, na mama mkwe naye akacheka kidogo, kisha akaacha ghafla. Akakaa juu ya ndoo ya tano, ile tupu, baada ya kuigeuza.

"Siku ulipoletwa kwetu," alisema, "nilikuta bisibisi kwenye mkoba wako wa harusi. Nikawaambia mashangazi, mwanangu ametuletea fundi, nani atamtunza mwenzake? Ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

"Najua ulisikia. Hukusema kitu, ukaitengeneza redio yangu. Miaka mitano unapima, wanatia sahihi watu wengine. Safari hii umepewa wewe. Nikasema moyoni, mtambo ukishindwa, hawatasema mtambo umeshindwa. Watasema ni yule asiye na cheti. Nimeshawaambia majirani wote, mpaka mwenye duka. Sasa ningekaa tu nimekunja mikono?"

Mizani akachuchumaa mbele yake, kwa sababu hakutaka kumjibu akiwa amesimama.

"Mama, umenibeba, na sitasahau. Lakini ukimsaidia Bibi Harusi, hatutajua anaweza nini peke yake. Mvua zikianza, jua la kumpa halipo. Mkulima atakuja aniulize, theluthi yako iko wapi? Na jina lililoandikwa pale ni langu."

"Basi futa. Tuanze upya, nani atajua?"

"Sifuti. Nakata mstari mmoja ili isomeke, naandika sababu kando, kisha tunaanza upya."

"Utaniandika jina?"

"Nitaandika kwamba trei zilianikwa juani kabla ya kuingizwa. Basi."

Mama mkwe aliitazama ardhi. "Nimekuharibia."

"Hujaharibu. Umeniongezea siku mbili za kazi," alisema Mizani, akamshika mkono kumwinua.

Mwenyekiti alilipokea jambo hilo vibaya zaidi. Alitembea huku na huku ofisini, kalamu zikigongana mfukoni. "Nimeshatangaza theluthi! Watu wananipigia simu kunipongeza! Sasa nikaseme nini?"

"Useme bado tunapima, mwenyekiti. Naomba siku mbili."

"Na ukipata namba mbaya?"

"Nitaiandika hivyohivyo."

"Na lori likija kumchukua?"

Hesabu hiyo Mizani alikuwa amekwisha kuifanya. Ikiwa kilo sitini na nane zilikula yuniti arobaini na moja, kilo mia zingekula kama sitini. Mpaka ulikuwa sitini na nne. Zilibaki yuniti nne za kuponea, na hizo nne zingeweza kutoka zote mlangoni.

Mlango ndio uliomtia hofu. Kwa miaka ishirini, mama mkwe alikuwa na namna yake ya kujua kama nanasi limefika: kila baada ya saa moja alifungua mlango, akaingiza uso, akanusa. Pua yake haikuwahi kukosea, na wanunuzi waliisifu. Kwa Babu haikudhuru, maana joto lake lilikuwa likitupwa nje hata hivyo. Kwa Bibi Harusi, kila kunusa ni hewa iliyokaushwa kwa umeme inatoka, na hewa mbichi inaingia.

Jumatano walikata nanasi upya. Kilo mia moja na ishirini zilipimwa, zikaingia moja kwa moja, mlango ukafungwa saa mbili na nusu. Mizani alimweleza mama mkwe habari ya mlango kwa maneno machache, na mama mkwe akasikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda jikoni kwa walinzi, akaleta kigoda, akakiweka mbele ya mlango wa Bibi Harusi, akakaa, mgongo umeuegemea.

Saa tatu na nusu alianza kutikisa mguu.

"Vipi, mama?" Kijembe akamuuliza.

"Pua inaniwasha."

"Nikuletee ganda unuse?"

"Niletee adabu, kama unayo ya ziada."

Saa sita mwenyekiti aliingia na wageni wawili, wanachama waliotaka kuuona mtambo wa theluthi. Alinyoosha mkono kwenye kishikio. Mama mkwe hakuinuka.

"Nataka kuwaonyesha tu, mara moja," alisema mwenyekiti.

"Waonyeshe picha."

"Mama, mimi ni mwenyekiti wa ushirika huu."

"Na mimi nimekalia mlango. Ukitaka kupita, nibebe."

Wageni wakacheka, mwenyekiti akacheka nao kwa kukosa la kufanya, wakatoka. Mizani, aliyekuwa akiweka ndoo ya pili juu ya mizani, aliinamisha kichwa ili asionekane uso. Kilo kumi na tisa na nusu. Akaandika.

Ndoo ziliendelea. Ya tatu, ya nne. Mama mkwe alianza kuzihesabu kwa sauti, kila moja ikiondolewa, kama mtu anayehesabu wanawe wakirudi kutoka shule. Alipokwenda kula alimwachia Kijembe kigoda, na onyo.

Alhamisi asubuhi mlango ulifunguliwa kwa mara ya kwanza. Harufu ilitoka yote kwa pamoja, nzito, tamu, na mama mkwe akaingiza uso akafumba macho. "Imefika," alisema. "Imefika vizuri kuliko ya Babu."

Kilo ishirini na moja. Zimepungua tisini na tisa. Mizani akajumlisha ndoo: tisini na tano. Zilizobaki nne ziliweza kuwa zimepotea kwenye nyufa, na hakuwa na ugomvi nazo. Ndipo alipopiga magoti mbele ya mita. Alisoma namba ya sasa, akaisoma ya jana kwenye daftari, akatoa. Akatoa tena. Tone la mwisho likaanguka ndooni.

"Hamsini na tisa," alisema.

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" Kijembe alinong'ona.

"Iko chini ya nusu. Peke yake, bila msaada wa mtu."

Mama mkwe hakupiga kigelegele. Alikwenda mbele ya Bibi Harusi, akampigapiga ubavuni mara mbili, taratibu. "Kumbe unaweza," alimwambia.

Ijumaa saa nne Injinia alifika, na wanachama kama arobaini walikuwa wamejaa bandani. Alisoma daftari akiwa amesimama, ukurasa baada ya ukurasa, bila haraka. Kwenye ukurasa wa Jumanne alisimama. Mstari mmoja ulikuwa umekata arobaini na moja; namba ilisomeka wazi, na kando yake maneno ya Mizani ya kalamu nyembamba.

"Kioo cha mtambo siku hii kilionyesha nini?"

"Kilionyesha kila kitu kiko sawa," Mizani alijibu.

"Na mita?"

"Mita nayo ilikuwa sawa."

"Kwa hiyo ulijuaje?"

Mizani akaionyesha ndoo, iliyokuwa bado chini ya bomba.

Injinia aliitazama ndoo, akarudi kwenye ukurasa, akaitazama tena. "Tumepima vikaushio kama hivi sehemu nne," alisema polepole. "Hatukuweka ndoo hata mahali pamoja." Akatoa daftari lake mwenyewe akaandika neno, akauliza, "Ya lita ishirini, siyo?" Halafu akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari la Mizani, akaliweka juu ya meza ya kukatia nanasi, akampa kalamu.

Mizani aliandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, bila kukimbilia. Wino ulikauka haraka kwa joto la pale ndani.

Mwenyekiti akakohoa, akageukia wanachama. Alisema kwamba ile theluthi aliyoitangaza ilikuwa, yaani, kulikuwa na hitilafu ndogo, jambo la kiufundi, na kwamba—

"Hitilafu gani?" sauti ilitoka nyuma. "Sema vizuri."

Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya kigoda chake, ufunguo wa banda ukining'inia shingoni. Mizani alimtazama, akatikisa kichwa kidogo kumwambia si lazima. Mama mkwe alimwona, akampuuza.

"Hitilafu ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeyaanika mananasi juu ya bati, kwa siri, kuusaidia mtambo. Mwenyekiti hakujua. Kioo hakikujua. Mita haikujua. Miaka ishirini niko kwenye banda hili, hakuna aliyewahi kunikamata kwa lolote." Akanyoosha kidole kumwelekea Mizani. "Yule pale, mke wa mwanangu, amenikamata kwa ndoo!"

Akageuka huku na huku juu ya kigoda, kuhakikisha kwamba hata waliosimama mlangoni wamesikia.